Rula ya Ubao na Pindo la Sketi

Kila Jumamosi asubuhi, mvua isiponyesha, mimi hutoka nyumbani kwangu Upanga kwa miguu. Hushika Barabara ya Umoja wa Mataifa hadi Faya, nikavuka Barabara ya Morogoro kwa tahadhari ya mzee kwa sababu ya mabasi ya mwendokasi, kisha nikaingia Mtaa wa Msimbazi na kupotelea Kariakoo. Wanangu hawapendi safari hii. Wananiambia, "Baba, huko kuna vibaka na msongamano, umri wako si wa kusukumana na wapagazi." Huwajibu kwamba kule nina fundi cherehani ambaye kwa miaka mingi amenipunguzia suruali za mitumba, na kwamba fundi anayejua kiuno cha mzee haachwi ovyo.

Fundi huyo hukaa barazani mwa duka la vitenge, na akiniona huniwekea kiti cha plastiki kando ya cherehani yake. Kwenye kiti hicho nimejifunza kuhusu mavazi mambo ambayo chuo cha ualimu hakikunifundisha. Hapo hupita kila namna ya nguo: dera la maua makubwa, baibui jeusi lililotarizwa mikononi, suruali ya modo iliyobana hadi kwenye kifundo cha mguu, shuka jekundu la Mmasai mwenye simu mkononi, jezi za Simba na Yanga, kanzu ya Ijumaa iliyovaliwa tena Jumamosi, na suti ya harusi inayokimbizwa kwa dobi. Msomaji wangu, anayetaka kujua Tanzania inavaa nini asisumbuke kwenda kwenye maonyesho ya mitindo. Aje akae hapo saa mbili tu.

Jumamosi moja, si zamani sana, alipita msichana aliyevaa sketi fupi. Wapagazi walipiga mluzi. Jirani yangu wa kitini, mzee wa rika langu aliyekuja kutiwa zipu, alitikisa kichwa akasema, "Enzi zetu hayakuwepo haya." Alinitazama akingoja niitikie. Nilinyamaza. Sikunyamaza kwa kuwa ninazipenda sketi fupi. Nilinyamaza kwa sababu enzi zetu ninazikumbuka, na yalikuwepo.

Mwaka 1968 nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka uliotangulia, na sisi vijana tulikuwa na moto wa kujenga taifa. Oktoba ya mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, vimini, nywele za bandia, dawa za kujichubua ngozi na suruali za kubana vilikuwa marufuku, kwa kuwa vilihesabiwa kuwa ni uchafuzi wa utamaduni wetu. Siku ya kuanza ilikuwa bado mbali, lakini vijana wengine hawakuwa na subira. Mwezi ule ule wa Oktoba, hapa hapa Kariakoo, makundi yalianza kuwakimbiza wasichana na kuwashusha kwenye mabasi kwa sababu ya nguo zao, hata ikabidi polisi waitwe kutuliza ghasia.

Mimi nilikuwepo siku moja kati ya siku hizo. Sikumgusa mtu. Nilisimama ng'ambo ya kituo cha basi na wenzangu wawili, tukamwona msichana aliyevaa gauni la njano akishuka huku ameshika pindo la gauni lake kwa mikono yote miwili, akilivuta chini kana kwamba linaweza kurefuka. Kikapu chake kilianguka. Watu walicheka, na sisi tukacheka. Hiyo ndiyo enzi yetu.

Magazeti ya wakati ule yalijaa barua za wasomaji waliobishana juu ya jambo hili, na wako waliouliza swali ambalo naona halijajibiwa mpaka leo. Waliuliza: kama kimini ni kibaya kwa kuwa kimetoka Ulaya, suti na tai je, hazikutoka huko huko? Mbona hizo haziguswi? Tena, katika miaka hiyo hiyo ya 1967 na 1968, serikali iliendesha kampeni nyingine huko Umasaini, ikiwataka Wamasai waache lubega na kujipaka ngeu, wavae mashati na suruali. Yaani msichana wa Kariakoo aliambiwa amevaa kizungu mno, na Mmasai wa Monduli akaambiwa hajavaa kizungu vya kutosha. Leo shuka lile lile jekundu tunalichapa kwenye mabango ya kuwaitia watalii, na hakuna anayekumbuka kwamba liliwahi kuitwa aibu ya taifa.

Nayataja haya si kwa nia ya kuwacheka viongozi wa wakati ule. Walikuwa na hofu ya haki: nchi iliyotawaliwa huvuliwa hata namna yake ya kujipamba, na kurudisha heshima hiyo ni kazi. Kosa lao, nami nilishiriki kwa kicheko changu, lilikuwa la kipimo. Tulitaka kupima jambo kubwa, ambalo ni heshima ya watu, kwa kifaa kidogo, ambacho ni urefu wa nguo. Tena kifaa hicho tulikielekeza zaidi kwa wanawake na kwa watu wa porini, ambao hawakuwa na nguvu ya kutugeuzia na sisi.

Nadhani ningelisahau jambo hili kama nisingekuja kuwa mwalimu mkuu.

Kabla sijafika huko, nikiri kwanza jambo lenye kuchekesha. Mjukuu wangu mmoja anapenda suruali za modo. Niliwahi kumwambia kwamba miguu yake inaonekana kama ya korongo. Hakunijibu siku hiyo. Wiki iliyofuata alikuja, akanisalimu, "Shikamoo, Babu," na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akaniwekea mezani picha aliyoichomoa kwenye albamu ya bibi yake. Ilikuwa yangu, ya mwaka 1974, mbele ya studio ya mpiga picha. Nimevaa bugaluu, suruali iliyopanuka chini kiasi cha kufagia barabara, na viatu vya raizoni vilivyoniongezea kimo cha inchi tatu. Nywele zangu ni kichaka. "Babu," akasema kwa adabu kubwa, "huyu naye ni korongo gani?" Nilicheka hadi machozi. Siku hizo nilikuwa mwalimu kijana, na asubuhi za Jumatatu nilisimama mbele ya wanafunzi nikiwahubiria juu ya mavazi ya heshima.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Mwaka 1982 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika Mkoa wa Pwani. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ile. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini hazina ya nchi ilikuwa tupu. Sabuni, sukari, dawa ya meno, vyote vilikuwa vya kupangiwa foleni. Viwanda vya nguo tulikuwa navyo, kikiwemo cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968 pale Ubungo kwa msaada wa Wachina, lakini vipuri vilikosekana, mashine zikasimama, na doti ya kanga ikawa bidhaa ya kuulizia kwa sauti ya chini. Mimi mwenyewe nilivaa shati ambalo fundi alikuwa amekwisha kuligeuza kola, upande uliochakaa ukaingia ndani, na suti yangu moja ya Kaunda ilikuwa na kiraka mahali ambapo koti lilikifunika. Hakuna aliyenipima.

Lakini mimi nilipima. Nilikuwa na rula ya ubao, ile ya mbao ya mita moja, na kila Jumatatu wakati wa paredi nilipita kwenye mistari ya wasichana. Sketi ilitakiwa ifunike goti. Ikipanda juu kupita upana wa vidole vinne, mwenye sketi alirudishwa nyumbani mpaka aje na sare kamili.

Katika darasa la sita kulikuwa na msichana ambaye sitamtaja jina. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko wavulana wote. Mwaka ule alirefuka kama mgomba wakati wa masika, na sketi yake ya bluu ikabaki pale pale. Nilimpima, nikamrudisha. Siku iliyofuata mama yake, aliyekuwa akiuza maandazi kituoni, alikuja ofisini. Tulisalimiana vizuri. Kisha akaniambia, "Mwalimu, sketi haikupungua. Mtoto ndiye aliyeongezeka." Akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akanionyesha noti alizozifunga humo. "Hela hii hapa. Nionyeshe duka lenye kitambaa cha bluu, nikanunue sasa hivi."

Ndugu msomaji, hakukuwa na duka. Mimi nilijua, naye alijua kwamba najua. Nilimjibu, "Mama, sheria ni sheria."

Msichana alikaa nyumbani siku kumi na moja. Akakosa mtihani wa katikati ya muhula. Aliporudi, sketi ilikuwa imeungwa chini kipande cha bluu nyingine, iliyokolea zaidi, kilichokatwa kwenye ovaroli kuukuu ya baba yake. Nilikipima. Kilitosha. Muhula ule mkaguzi alikuja, akaandika katika kitabu cha shule kwamba nidhamu ya mavazi ni ya kuridhisha, nami nikajisikia mtu aliyefanya kazi yake.

Kwa miaka mingi tukio hili halikunikosesha usingizi. Limeanza kunirudia uzeeni, kwenye kile kiti cha plastiki, kila ninapomwona fundi wangu akifumua pindo la nguo ya mtoto ili airefushe. Yeye akipokea nguo haanzi na futi. Huuliza kwanza, "Ya kwenda wapi hii? Atakaa nayo au atatembea nayo? Anakua bado?" Maswali matatu, ndipo apime. Mimi niliyesomea ualimu sikuuliza hata moja.

Kutokana na maswali ya fundi nimejitungia mizani yangu ya kuhukumia mavazi, na naiweka hapa ili msomaji aipinge akipenda. La kwanza, nguo inalingana na shughuli? La pili, imetunzwa, yaani ni safi, imepindwa, ina vifungo, inamkaa mwenyewe? La tatu, mvaaji amewafikiria wale atakaokutana nao? Urefu na ufupi, ubanaji na upana, utajipanga wenyewe chini ya maswali hayo.

Tuijaribu mizani hiyo kwa mambo ya leo.

Chukua mitumba. Ilipofunguliwa milango ya biashara mwaka 1984, na baadaye katika kipindi cha Mzee Mwinyi, nguo hizi zilimiminika. Wenye dharau waliziita "kafa Ulaya", kana kwamba kila koti limevuliwa maiti. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuziondoa sokoni ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kufuta upendeleo wa kibiashara. Tanzania, Kenya na Uganda wakalegeza, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa upendeleo huo. Juu ya viwanda nakubaliana na waliotaka kuvilinda: nchi inayolima pamba na kuvaa iliyovuliwa na wengine ina jambo la kujiuliza. Lakini juu ya mvaaji sikubaliani na dharau. Mwaka 1982 laiti lingekuwepo belo moja tu la mitumba pale kituoni, yule msichana asingekosa mtihani. Kijana anayekwenda kwenye usaili na koti la mtumba lililopunguzwa mabega na fundi, likafuliwa na kupigwa pasi, huyo kwangu ni mtanashati kuliko anayevaa koti jipya lenye lebo bado imeshonwa mkononi.

Chukua mlegezo, suruali inayoning'inia chini ya kiuno. Hapa nabaki mzee wa kawaida: sipendi. Lakini hoja yangu siyo kwamba ni ya kigeni. Hoja yangu ni ya fundi. Suruali hiyo haimruhusu mvaaji kukimbilia basi wala kumwinulia mama mzigo bila kushika kiuno kwa mkono mmoja. Nguo inayomfunga mtu mkono mmoja mchana kutwa imemshinda.

Chukua sare za shughuli. Siku hizi harusi haiendi bila kamati kutangaza rangi: upande huu zambarau, upande ule dhahabu, na kila ndugu anunue kitambaa na kulipa ushonaji. Sare ina uzuri wake. Ukiwaona wanawake thelathini wameingia ukumbini kwa kitenge kimoja, moyo unafurahi. Lakini nimemjua shangazi mmoja ambaye hakwenda kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake kwa kukosa hela ya sare, akasingizia homa. Hapo tumeirudisha rula yangu ya ubao, isipokuwa sasa tunaipima mifuko. Misibani nako fulana zenye picha ya marehemu zimeanza kuzoeleka. Sizikatai. Nasema tu asiulizwe mtu mlangoni yake iko wapi.

Na Bunge je? Juni 1, 2021, Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ukumbini Dodoma akabadilishe nguo, baada ya mbunge mwenzake wa kiume kulalamikia suruali yake. Bunge lina haki ya kuwa na kanuni za mavazi. Hata shule yangu ilikuwa nazo. Lakini nilipoisikia habari ile nilimkumbuka msichana wa gauni la njano wa 1968. Miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imepita, na bado mwanaume mmoja angeweza kusimama, akanyoosha kidole, na mwanamke akatoka nje huku wote wanatazama. Kama kanuni ilivunjwa, kulikuwa na njia ya karatasi ndogo, ya kuitwa pembeni, ya neno la faragha baada ya kikao. Adabu ya mavazi ikitetewa bila adabu ya maneno, imekwisha kuvunjwa na mtetezi.

Watu wa Pwani wana historia ya kutukumbusha kwamba nguo hubeba mambo mazito kuliko inchi. Kule Unguja, kabla ya utumwa kufutwa mwaka 1897, mtumwa alijulikana kwa merikani na kaniki yake, na kujifunika kichwa kulikuwa ni kwa waungwana. Walipokuwa huru, wanawake wale walijitwalia kanga za rangi, na baadaye buibui. Anayedhani kujifunika ni unyonge tu, na anayedhani kujifunika ni ucha Mungu tu, wote wawili wamepungukiwa. Kwa wanawake wale ilikuwa ni kusema: mimi sasa ni mtu.

Na kanga hiyo hiyo ndiyo inayonipa mfano wangu wa mwisho. Mwaka jana tulifiwa na jirani hapa Upanga. Mchana akaja binti mmoja moja kwa moja kutoka kazini, amevaa sketi ya ofisini, fupi kidogo. Sisi wazee tulikuwa tumekaa chini ya turubai kwenye viti, macho mbele. Alipofika getini akasimama, akafungua mkoba wake, akatoa kanga iliyokunjwa vizuri, akajifunga moja kiunoni, nyingine akajitanda kichwani, akapita akitusalimu mmoja mmoja, "Shikamooni, poleni na msiba." Haikumchukua dakika. Jioni, alipotoka kwenda kupanda basi, alizifungua kanga zake, akazikunja, akazirudisha mkobani, akaenda zake na sketi yake ile ile.

Yule mzee wa zipu angekuwepo angeona nini? Asubuhi na jioni angeona sketi fupi na kusema dunia imekwisha. Mimi niliona binti aliyejipima mwenyewe, kwa mahali na kwa watu, bila mtu kumsimamia na rula. Mama yake, au shangazi yake, au mwalimu wake, alimfunza vizuri kuliko nilivyofunza mimi.

Yule mwanafunzi wangu wa 1982, kama yu hai, sasa ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, huenda naye ni bibi. Kama kitabu hiki kitamfikia, atajijua, kwa kipande cha bluu iliyokolea. Nilimwambia mama yake kwamba sheria ni sheria. Nilipaswa kumwambia kwamba duka halina kitambaa, na kwamba mtoto arudi darasani kesho asubuhi na sketi aliyo nayo. Namwomba radhi, yeye na mama yake.